Mashine Iliyotoa Masizi

Mikumi,
Januari 11

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba kifua hakikubani tena kama siku zile za mvua. Mimi ni mzima na chakula nakula vizuri, ila mikono tu, na habari ya mikono utaikuta mbele. Mguu wa babu unaendeleaje? Na Happyness, ameshajua kumwagilia vitunguu bila kujimwagilia mwenyewe? Mwambie dada yake anamkumbuka, na lile gauni la bluu asilivae shambani.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama, simu yako inasikika mpaka kanisani. Kila nikipiga, Mama Jastin ananijibu kutoka uani kwake kabla yako. Na haya ninayotaka kukuambia nayaonea aibu hata mbele ya karatasi. Barua ataileta Yared, dereva wa lori la vitunguu, na bahasha nimeibandika gundi mara mbili.

Unakumbuka Mwalimu Mwanakheri alivyokuahidi siku uliponileta kwake. Alisema nimsaidie kazi za nyumbani huku nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na baada ya miezi mitatu akiniona msichana wa kuaminika, yeye mwenyewe atanipeleka chuo cha ufundi Morogoro nikasomee umeme. Asiponiona hivyo, nitarudi Malolo. Neno lake lilikuwa hilo moja, kuaminika.

Sasa mama, humu ndani kuna mashine ya kuosha vyombo. Binti yake aliyeko Muscat ndiye aliyeileta. Imekaa jikoni kama kabati jeupe, unapanga vyombo ndani, unaweka kidonge cha sabuni, unafunga, unabonyeza, inanguruma saa moja na nusu. Siku ya kwanza Mwalimu aliniuliza kama naijua. Unajua mimi mbele ya mkubwa. Niliinama, nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili, naye akaona nimekubali. Akasema vizuri sana, watoto wa siku hizi mnajua mambo. Nikakosa pa kurudi.

Kubonyeza nilijifunza kwa kumchungulia. Lakini mama, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hampi mwenzake chombo kichafu. Nilishindwa kabisa kuiwekea mashine ya watu sahani zenye mabaki. Kwa hiyo kila siku nilitoka uani, nikachota majivu ya jiko la kuni, nikasugua kila chombo chenye mabaki, nikakisuuza harakaharaka, ndipo nikakipeleka ndani. Wiki mbili mambo yalikwenda. Wiki ya tatu maji yakaanza kutuama chini ya mashine, meusi kama ya kufulia soksi, na vikombe vikatoka na vumbi la kijivu. Taa nyekundu ikawa inawaka na kuzima kama inanikonyeza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sikusema. Nikaanza kuosha vyote kwa mkono nyuma ya migomba, huku jikoni nimeiwasha mashine ingurume tupu. Ikinyamaza, navirudisha ndani navipanga, halafu namwita Mwalimu aje avione. Siku moja alivigusa akauliza mbona baridi, maana zamani vilitoka vya moto. Tangu siku hiyo nikawa navimwagia maji ya birika kwanza.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuosha vizuri mno. Majivu yako, mama, yalitoa madoa ya chai ambayo Mwalimu alisema yapo tangu anafundisha darasa la tatu. Akamwita jirani, Mama Cleopa, anayepika chakula cha wasafiri pale stendi. Mama Cleopa akacheka, akasema yeye haamini kabati, na akaenda kuleta sufuria lake la maharage ambalo kwa masizi huwezi kujua lilikuwa la rangi gani. Akamwambia Mwalimu, mashine yako ikitoa haya, mimi nitaiamkia. Jioni sufuria lilikuwa linang'aa kama kioo, mtu anaweza kujisukia nywele. Mama Cleopa akaliinua, akaligeuza, akaenda jikoni, akapiga goti mbele ya mashine akasema, shikamoo!

Kesho yake asubuhi nilikuta masufuria sita mlangoni. Keshokutwa yake kumi na moja, na kikaango kimoja cha watu wa mtaa wa pili. Mwalimu hakumkatalia mtu, maana fahari ilikuwa imemshika. Binti yake alipiga simu kutoka Muscat akasema mashine ile haitoi masizi ya kuni, tena masufuria ya bati yasiingizwe kabisa kwa sababu yanafifia. Mwalimu akamjibu kwamba labda za huko Muscat ni za kizembe, hii ya Mikumi imezoea. Mimi nikawa nimesimama mlangoni, kucha hazionekani kwa masizi, mikono nimeificha chini ya kanga.

Tangu wiki ya pili Mzee Abubakari, mume wa Mwalimu, alikuwa amepoteza meno yake ya bandia, kipande cha meno mawili ya mbele. Nyumba nzima tuliwasingizia tumbili wanaotoka porini kuiba mapera. Mzee akawa anakunywa uji na mtori tu, na kila tumbili akitokea uani, anamrushia kandambili na kumwambia, cheka tukuone! Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe.

Jumatatu ya wiki iliyopita Mwalimu akatangaza kwamba Jumamosi kikundi chao cha akina mama kitakuja, wakae jikoni kwenye viti waitazame mashine ikifanya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama, sikulala mchana wala usiku. Wakikaa jikoni, mimi nitavitoaje vyombo niende navyo migombani?

Nikatafuta kitabu cha mashine kwenye droo. Kimeandikwa Kiarabu na Kiingereza, nami Kiingereza unajua tuliachana nacho wapi. Lakini kina picha. Alhamisi Mwalimu alipokwenda sokoni nilifuata picha moja baada ya nyingine, na kamusi pembeni. Nilichomoa waya ukutani kwanza. Nikateka yale maji kwa kikombe na kuyanyonya kwa sponji. Nikatoa trei ya chini, nikakamata kichujio, nikakizungusha kushoto kama mfuniko wa chupa. Kikatoka na sauti ya mtu anayevua buti kwenye tope. Chini yake kulikuwa na uji wa majivu ulioshikamana na mafuta, punje za wali, miiba ya perege, na katikati ya hayo yote, mama, meno ya Mzee Abubakari yananitazama.

Nilikaa sakafuni. Ndipo nikakumbuka kuwa Mzee huyavua akilala akayaweka kwenye glasi ya maji, na mimi glasi yoyote nikiiona mezani naichukua, na wiki zile za mwanzo glasi za maji nilizipindua moja kwa moja ndani ya mashine bila kuzisugua. Tumbili hawakuwa na hatia.

Nikayasugua kwa majivu, nikayafunga kwenye pindo la kanga. Nikaendelea, maana mikono ilikuwa imeshaingia kazini na, nisikufiche, nilikuwa nafurahi. Vile vibomba vinavyozunguka na kurusha maji nilizibua matundu yake kwa chelewa ya ufagio, tundu moja moja. Nikanyoosha mpira wa maji machafu uliokuwa umejikunja nyuma. Nikaiwasha tupu, na maji ya malimau mawili ndani. Maji yakaja, yakazunguka, yakaondoka yote. Taa nyekundu ikazima, haikukonyeza tena.

Jumamosi wakaja akina mama tisa. Nilikwangua mabaki, nikapanga sahani bila kuzisugua, na Mama Cleopa akaingiza sufuria lake kwa mkono wake mwenyewe. Kwa saa moja na nusu wakanywa chai. Mlango ulipofunguliwa, sahani zilikuwa safi kabisa. Sufuria lilitoka na masizi yake yote, tena limechujuka kwa ndani kama limeugua. Mama Cleopa akasema, jamani, nimeiamkia nani? Wakacheka mpaka wakagonganisha viganja. Mwalimu hakucheka. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mashine imeharibika mbele ya wageni.

Mama, mashine ndiyo kwanza ilikuwa imepona, na ndiyo kwanza inaitwa mbovu. Sijui sauti niliitoa wapi. Nilisema mbele ya wote tisa kwamba haijaharibika, ilikuwa imeharibika mwezi mzima, na masizi yao yote nilitoa mimi. Nikatoa mikono chini ya kanga wakaiona. Halafu nikafungua pindo, nikapiga magoti, nikamkabidhi Mzee, aliyekuwa amekuja kuchungulia mlangoni, meno yake. Aliyatazama sana. Akaniuliza kama yameoshwa kwa mashine au kwa majivu. Nilipomwambia kwa majivu, akasema basi ni salama, akayavaa.

Mwalimu aliwasindikiza wageni kwanza. Aliniuliza jambo moja tu, nani aliifungua mashine. Nikasema ni mimi. Akasema nimemdanganya mwezi mzima, kwa hiyo miezi mitatu ya kuaminika inaanza upya, na siku hiyo ndiyo ya kwanza. Kisha akasema nikifika siku ya tisini, kile kitabu cha mashine niende nacho chuoni.

Na wewe pia nilikudanganya, mama. Niliposema kwenye simu kwamba hapa sigusi sufuria na mikono imekuwa laini kama ya karani, nawe ukawaambia akina mama wa kanisani, haikuwa kweli. Imepasuka, na kucha ya kidole gumba imeng'oka nusu. Naomba unisamehe. Wakikuuliza tena, waambie mikono ya binti yako ina magamba, lakini imefungua mashine.

Nisalimie babu, Happyness, na Mama Jastin ambaye najua atakuwa amesimama nyuma yako anasoma. Mzee anakusalimu kwa meno yote.

Leo ni siku ya nane.

Mwanao,
Costancia