Namba Niliyompa Mwalimu

Dada Naomi, Masuguru, Korogwe

Shikamoo dada. Huku Handeni mvua hamna, ng'ombe wamekonda. Ile sekondari yetu huwezi kuitambua: tulipokalia mawe sasa kuna vigae, hata maabara ipo. Enzi zako mwalimu alikufuata bomani kwetu kwa baiskeli, na mama akamwonyesha zizi la ndama ulimofichwa ukisubiri kuozwa. Walimu wa siku hizi hupiga simu tu.

Nimempa mwalimu namba yako. Akipiga, mwambie binti yangu Taiyo amehamia kwako, anasoma hapo Korogwe. Tumeshamwoza Jumamosi. Mama yake analia, lakini nimemkataza kusema. Usinigombeze. Mwalimu atakuamini, maana wewe nawe ni mwalimu.

Mdogo wako,
Koikai