Saini Yangu kwenye Fomu ya Kufunga Gesi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa. Kazini naitwa Mama Joto.
Umri: miaka 46.
Kazi: mwangalizi wa joto, Chumba cha Pamoja cha Umeme, Gesi na Joto.
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya mtambo.
Siku: Ijumaa tarehe 16, saa tatu asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Juzi nilimwambia meneja kwamba saini iliyo kwenye fomu ya kufunga gesi si yangu. Nilisema uongo. Kwa uongo huo fundi wa gesi, tunayemwita Mjomba, yuko mahabusu akidaiwa kughushi.

Mtambo wetu unachoma gesi kuzalisha umeme, na maji ya moto ya injini yanakwenda kwa bomba hospitalini kupasha wodi. Zamani zilikuwa ofisi tatu, kila mtu akivutia kamba kwake. Mwaka jana ikaja sera ya kutuunganisha, tukawekwa chumba kimoja. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tulikuwa watatu, na birika moja la chai. Sera inataka gesi isifungwe mpaka sote tuulizane na kutia saini. Ni sera nzuri. Sisi tuliiona usumbufu, kwa hiyo kila Jumatatu tulitia saini fomu tupu kumi na kuzibana ubaoni.

Mnamo Jumatano tarehe 14, saa nne na dakika kumi asubuhi, Mjomba alisikia harufu ya gesi kwenye kiungo cha bomba. Alichukua fomu, akakuta saini zote zipo, akafunga. Fundi wa umeme alikuwa nje anaongea na simu. Mimi nilikuwa stoo. Injini ilizimika, ila umeme haukukatika, maana ulivutwa kutoka laini kuu ya taifa, na hakuna aliyeshtuka. Ningeulizwa ningesema, "Subiri kidogo, niwaambie hospitali wawashe boila yao." Sikuulizwa, kwa kuwa nilikuwa nimeshajibu tangu Jumatatu.

Saa sita kasoro robo muuguzi alipiga simu. "Mama Joto, chumba cha watoto njiti kimekuwa barafu! Mmetufanya nini?" Manesi walikuwa wamewafunga watoto watano vifuani mwao. Wote wako hai, ila mmoja anasaidiwa kupumua. Jana jioni nilikwenda kumwona. Mguu wake ni sawa na kidole changu cha gumba. Mama yake alinishukuru kwa kuja, nami sikuweza kumtazama.

Meneja alipotuuliza Jumatano hiyo, fundi wa umeme alikana, nami nikakana. Mjomba alinitazama, akasema, "Sawa, dada." Miaka tisa, tangu enzi za ofisi tatu, tunakunywa chai pamoja. Aibu hiyo bado ninayo.

Saini ni yangu, kwa kalamu yangu ya kijani, ambayo naikabidhi. Ya fundi wa umeme niliona akiitia. Mjomba amekosea kama tulivyokosea sote, lakini hakughushi. Naomba aachiwe.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nisomewe kwanza, ndipo nitie saini.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA OFISA: Yameandikwa nami, sajini wa zamu. Shahidi amesomewa, amekubali. Karatasi ya pili nilimpa aitie saini ikiwa bado tupu, niijaze baadaye, kama tunavyofanya siku zote. Alikataa. Alikaa kwenye benchi dakika arobaini mpaka nilipomaliza kuandika.