Taa ya Mchana Huko Kabambare

Mama Asha,

Pokea salamu zangu toka Kabambare, ambako joto linanikausha hata mate. Leo muuza chumvi mmoja, bwana mnene, aliniita nimpige foto na mkewe. Yeye akakaa kitini, mkewe akasimama mbali, maana huku, kama kwetu Kasongo, kumshika mke mbele ya watu ni aibu. Nikawageuza, jua liwe mgongoni mwao, wasikunje macho, nikafunga taa kwenye kamera ili nyuso zisitoke nyeusi. Watu wakanicheka: "Fundi, jua yote hii, unawasha taa ya nini?" Nikawaambia wanyamaze, ufundi ni wangu.

Taa ikalipuka pwaa! Bwana akaruka, akamning'inia mkewe shingoni: "Mama weee!" Mkewe akambana hapohapo. "Fundi, piga ingine haraka, kabla hajakumbuka aibu!" Nikabadilisha balbu, nikapiga.

Sasa wanawake wamejaa mlangoni kwangu, kila mmoja anamvuta mumewe, wananinong'oneza: "Usimwambie kama taa iko."

Nikirudi, njoo unipokee barabarani na kitenge chako cha Idi. Watu watazame wanavyotaka. Mimi sitangoja taa inishtue.

Baba Asha wako