Nahama, Nahamishwa

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, shajara. Nimekunyamazia tangu Desemba. Mkono wa kulia uligoma. Sklerosisi hii, kinga ya mwili kuguguna neva za mwenyewe, haiombi ruhusa. Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinapepesuka kama walevi. Sarufi haipepesuki!

Kifungua mimba wangu alikuja jioni. Hakukaa hata kiti kikapata joto. Ati "utahamishwa Jumamosi", nikaishi kwake. Chumba kimeshapakwa rangi. Nikamwuliza: nitahamishwa na nani? Katika sentensi yako mtenda hayupo. Akasema, "Mama, mimi si mwanafunzi wako." Kweli. Mwanafunzi wangu angejua.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Daktari wa neva, tai yake imepinda, alimwuliza mwanangu: "Analala vizuri? Anaoga mwenyewe?" Nikamwambia nafsi ya tatu ni ya anayesemwa, na mimi nipo hapa, nina masikio. Akacheka, akanigeukia. "Shikamoo, Mwalimu. Unalalaje?" Marahaba. Huyu anafundishika.

Kisha akataja kiti cha magurudumu. Nikakataa. Mimi niendeshwe kama toroli la viazi! Akasema taratibu: si kuendeshwa, Mwalimu — kujiendesha.

Njia nzima nimetafuta kosa katika neno hilo. Sijalipata.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanguka bafuni. Maji yalikuwa ya moto mno. Joto huizima miguu yangu kama mshumaa. Fundi cherehani, jirani yangu wa mlango wa pili, alisikia kishindo.

"Shoga, umeanguka?"

Nikamjibu: nimekaa.

"Haya, kaa. Nikuletee mto, au chai kabisa?"

Tulicheka hadi nikalia. Akaniinua. Naam, niliinuliwa. Mwanangu hajui. Niliogopa sana.

Mchana nimepiga simu kliniki: kileteni hicho kiti.

Ijumaa, 7 Machi

Kimefika. Nimejisukuma, nimejigonga mlangoni, rangi imebanduka, nimejitukana kwa ufasaha. Halafu nikajipeleka kwa fundi kuchukua gauni langu, nikarudi bila kuegemea ukuta wala mtu! Miezi yote hii nilijinyima kwa kiburi. Silabi moja tu — ji — na ina nguvu kuliko magoti yangu yote mawili.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu amekuja na maboksi. Nimeegesha kiti katikati ya mlango wa chumba changu. Hapiti mtu.

"Mama, sogea."

Angalau hakusema nisogezwe.

Kisha akachuchumaa, macho yetu yakawa sawa. Fundi amemwambia habari za bafuni — msaliti yule, na anajua kunipenda. Akasema halali usingizi. Simu ikilia tu, moyo unamruka. Halafu akauliza, kwa mara ya kwanza: "Wewe unataka nini?"

Sentensi fupi. Nafsi ya pili. Haina kosa. Bafu lile nalihofia. Na chumba kile — nani alichagua rangi yake?

Nimemwambia asubiri. Nikihama, nitahama, sihamishwi. Nikibaki, nitabaki, siachwi.

Ameketi juu ya boksi tupu ukumbini, linabonyea, wala hathubutu kuniharakisha. Nitaandika ikishaamuliwa.

La! Nafuta. Nitaandika nikishaamua.