Kibali cha Lango la Hospitali

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama na ule mguu uliokuwa ukivimba umepungua. Dawa ya kupaka aliyokupa nesi bado ipo, au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Mimi ni mzima wa mwili. Wajukuu wako hawajambo. Mkubwa ameota jino jipya, anamwonyesha kila anayepita, na mdogo bado hakubali kulala mpaka kandambili zake ziwe chini ya mto. Wanakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeupata kwa shangazi. Ameniambia umesema huna tena mtoto wa kiume, kwamba uliyemzaa wewe hawezi kummwagia binadamu mwenzake mafuta ya moto, na kwamba hutakanyaga mahabusu kumwona. Sikukasirika, Mama. Najua ulivyotulea. Lakini habari hii umeisikia kuanzia katikati, tena kwa watu walioisikia kwa watu. Naomba uvae miwani uisome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee.

Unalikumbuka lile gari bovu la kubebea mikate ambalo huyo mwanao, mdogo wangu, alilinunua likiwa limekaa juu ya mawe. Ulicheka ukasema amenunua banda la kuku. Basi banda lile tuliligeuza jiko. Fundi wa kuchomelea, mzee mmoja mwenye kikohozi na utani mwingi, alilikata ubavuni akaweka dirisha la kuuzia, na kifuniko chake kizito cha chuma kikawa kinafunguka kwenda juu. Ndani akatutengenezea meza ya bati lisiloshika kutu. Tulitaka kuegesha kwenye lango la hospitali, kwa sababu watu wanashinda pale na wagonjwa wao na hawana pa kupata chakula cha moto. Viazi vya kukaanga, kuku, chai. Basi.

Kupika ni kazi ndogo, Mama. Vibali ndivyo vilivyotutoa jasho. Bwana afya alikuja akapitisha kidole chini ya meza, akanusa mipira ya maji, akatukatalia kwa kuwa maji safi na maji machafu yalikaa tangi moja lililogawanywa kwa bati. Tukaweka matangi mawili. Tukapimwa mate na kinyesi, mdogo wangu akilalamika kwamba hata jeshini hawapekuliwi hivyo. Watu wa zimamoto wakasema mtungi wa gesi haukai chumba kimoja na mpishi, fundi akaujengea kizimba kwa nje. Wakauliza blanketi la kuzimia moto liko wapi. Mdogo wangu akawaletea blanketi lako la maua. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini, kisha wakatwambia turudi na la kweli. Tukarudi nalo. Cheti cha afya kikatoka, cha zimamoto kikatoka, leseni ya biashara ikatoka na majina yetu yote mawili. Kikabaki kibali cha mahali pa kuegesha.

Hapo ndipo tulipokutana na mtu wanayemwita Koleo, kwa kuwa tuliambiwa hakitoki bila sahihi yake.

Koleo alijifanya mwenyekiti wa wachuuzi wa lile lango, ingawa hakuna aliyemchagua. Ni mtu mfupi, nadhifu, shati limepigwa pasi, anaongea polepole kama anabembeleza mtoto. Alitupa viti. Akasema pale kuna utaratibu: kila leseni ya langoni ina jina lake, na mwenye jiko anakuwa mfanyakazi wake. Tukafute majina yetu tuandike lake, tutaishi kwa amani. Nikamjibu kwamba gari ni letu na jasho ni letu. Akatabasamu, akampa mdogo wangu mkono kama anayemuaga, ila hakumwachia. Niliona midomo ya mdogo wangu ikikauka. Kisha nikasikia kidole kikikatika, Mama, mlio mdogo tu, kama wa kijiti cha kuwashia moto. Koleo akasema pole, akatusindikiza hadi mlangoni.

Kwenye ofisi ya vibali, karani alikuwa mama mmoja mjamzito asiyependa maneno mengi. Aliona kidole kimefungwa banzi akauliza. Tulipomweleza, akasema sheria haitaki sahihi ya mwenyekiti yeyote, ni uoga wa watu tu. Akagonga muhuri palepale. Alipotupa kibali akainama akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimewapa karatasi. Ulinzi sina."

Watu wa Koleo walianza na fundi. Walimfuata karakana mchana kweupe, wakamwuliza nani alimruhusu kututengenezea gari, wakampiga kwa vyuma vyake mwenyewe. Nilipofika alikuwa ameegemea ukuta, taya limehamia upande mmoja, meno yake ameyashika kiganjani kama mtu anayesubiri kuambiwa ayaweke wapi. Nilijaribu kumfuta damu nikaona sikio moja linaning'inia. Mzee yule ambaye hakosi neno la kuchekesha alikuwa analia bila sauti. Polisi walisema waletewe mashahidi. Majirani wote wa karakana, kila mmoja alikuwa ameangalia upande mwingine.

Mdogo wangu alitaka tuache. Alisema tuliuze gari, tuhame, tuanze pengine. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia kama anaogopa abaki nyumbani na watoto wangu, nitaendesha mwenyewe. Unajua yeye na mimi, akisikia hivyo hawezi kubaki.

Tuliegesha asubuhi, kibali nimekibandika kwenye kioo cha mbele. Mwanzo ulikuwa mzuri, Mama, nataka ulijue hilo. Manesi waliotoka zamu walikuja. Kuna baba mmoja mkewe alikuwa leba, alinunua chai akaisahau mkononi mpaka ikapoa, nikambadilishia. Mdogo wangu aliimba akimenya viazi kwa mkono wenye banzi.

Wakaja karibu na mchana, Koleo na wenzake wawili wenye nondo. Wateja walitawanyika kama kuku. Kioo cha mbele kikapasuliwa, kibali kikachanwa na kukanyagwa. Mdogo wangu alitoa mkono dirishani kumzuia mmoja wao, mkono mzima, ule wa kushoto. Koleo akaudaka, akauvuta mpaka bega likafika kwenye meza, kisha akakishika kile kifuniko cha chuma akakishusha juu yake. Akakinyanyua, akakishusha tena. Na tena. Hakuwa na haraka. Mdogo wangu alikuwa akiita, "Dada! Dada!" na mimi nilikuwa nimemshika kiuno namvuta ndani, na kila kifuniko kiliposhuka nilikuwa nausikia mshindo wake ndani ya mwili wake. Mfupa ulitokeza juu ya kifundo cha mkono. Damu iliingia kwenye beseni la viazi.

Yaliyofuata umeshasikia. Sufuria ya mafuta ya kukaangia ilimwagwa usoni na kifuani kwa Koleo. Alipiga ukelele ambao watu wa wodini waliusikia, ngozi ikashuka pamoja na shati lake. Wenzake walikimbia. Walinzi wa lango walimbeba ndani, na hiyo ndiyo bahati yake, hospitali ilikuwa hatua chache tu. Ameishi, lakini macho yote mawili hayapo. Polisi walipofika, mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, mkono umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Akawaambia, "Ni mimi." Wakamchukua.

Mama, hakuwa yeye.

Mkono mmoja ulikuwa umevunjika vipande, mwingine una kidole kwenye banzi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu kama huyo aliinuaje sufuria. Ni mimi niliyeiinua, kwa matambara mawili. Yeye aliniambia nishuke mlango wa nyuma niende kwa watoto, kwa kuwa baba yao ameshakufa na hawana mwingine. Alinisukuma kwa mguu, kwa kuwa mikono hakuwa nayo. Nami nikashuka. Nimekaa kimya tangu siku hiyo, nikikuacha umlaani.

Na kuna jingine, ambalo yeye na mimi tu ndio tunaolijua. Koleo alikuwa ameshamwachia. Alikuwa amegeuka, anaondoka, anajifuta mikono kwa leso. Ningeweza kumwacha aende. Nilimwita, Mama. Nilimwita kwa sauti ya kawaida kama ninavyomwita mteja aliyesahau chenji, ili ageuke. Akageuka, na ndipo nikammwagia.

Juzi nilikwenda wodini kumwona, sijui nilikuwa natafuta nini. Uso umefungwa bandeji, pembeni kuna mama mzee anamlisha uji kwa kijiko, anaupuliza kwanza. Akanisogezea nafasi kwenye benchi, akaniuliza mgonjwa wangu ni yupi. Simwonei huruma Koleo, nisikudanganye. Nikikumbuka taya la fundi na ule mfupa, bado nina hasira naye. Lakini yule mama alinisogezea nafasi.

Wakili aliyejitolea kumsaidia mdogo wangu nimemweleza yote. Alisema nikitaja kwamba nilikuwa namwokoa ndugu yangu, huenda hakimu akanihurumia, na akanishauri ile habari ya kumwita niiache. Sitaiacha. Nikiiacha, itabidi mdogo wangu naye aifiche mahakamani, na ameshanibebea ya kutosha. Kesho asubuhi naenda kituo cha polisi. Watoto nimewapeleka kwa shangazi. Nimewaambia nina safari, na mkubwa ameniangalia kwa namna ya kuonyesha hajaniamini.

Ninakuomba mawili tu. Uwachukue watoto ukaishi nao. Na uende ukamwone mwanao. Mkono wa kushoto hauwezi kushika kitu, daktari amesema hautarudi kama ulivyokuwa. Umfulie nguo. Usimwulize kwa nini alisema ni yeye, ataona aibu. Wewe mshike tu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na jirani yako mwambie nimemkumbuka. Ujitunze, upumzishe mguu, usibebe ndoo. Ukiona umeshindwa kuniandikia kwa sasa, nitaelewa, nami nitaendelea kukuandikia huko nitakakokuwa.

Ni mimi, binti yako mkubwa,
niliyemmwagia mtu mafuta.