Sauti ya Baba na Paa la Mama Mkwe

Mitwero, Lindi
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni, ndivyo ulivyo. Mama naye mfikishie shikamoo yake. Miguu yake inaendeleaje? Na yale macho? Mvua imeshuka huko milimani, au bado mnaangalia mawingu tu? Sisi ni wazima, alhamdulillahi, ila joto la huku halina haya na watoto wana mafua.

Barua anakuletea mke wa mwalimu, jirani yetu, anayekuja huko Kipatimu kwenye harusi ya mdogo wake. Nimeandika kwa sababu simu yako ukiipokea nyumbani inasikilizwa na ukoo mzima, na haya si ya ukoo mzima. Soma kwanza peke yako. Cha kumsomea mama utakiona mwenyewe.

Dada, maneno uliyonifikishia wiki iliyopita yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwamba mama amesema, "Mwambie Salumu, kama ameifuta sauti ya baba yake aseme, asinizungushe." Sijaifuta. Wallahi sijaifuta. Ipo hapa mezani ninapoandikia, ndani ya ile kompyuta ndogo ninayoiacha inawaka usiku na mchana. Kilichofungwa ni mlango wa nyinyi kuifikia, na aliyeufungisha ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Unakumbuka mama aliponikabidhi kaseti za marehemu. Baba ametaja mle makaburi ya wazee, mipaka ya shamba, nani alimkosea nani na walipatana vipi. Mama akaniambia, "Sauti ya mume wangu isizungushwe kwenye simu za watu. Ikae kwako, wanangu waje kwako kuisikiliza." Ndiyo maana sikuiweka huko mitandaoni ambako kila mtu anabandika mambo yake. Nilizihamishia kaseti kwenye seva yangu mwenyewe, yaani hiyo kompyuta, iwagawie sauti ndugu tu. Wewe huko, na mdogo wetu kule Mtwara, mnabisha hodi kwa simu na neno la siri, mnasikiliza, mnaaga. Miezi mitano ilikwenda vizuri. Kila Ijumaa baada ya alasiri ulimpa mama simu, nami huku nafungua wakati huohuo ili tusikilize pamoja, na ukaniambia mama hucheka palepale mwanzoni, baba anapomwamuru afukuze kuku ndipo aanze kusema.

Sasa intaneti ya nyumba hii niliiunga kwa shemeji Athumani, kaka yake mke wangu Zainabu. Yeye ni wakala wa kampuni moja, nami nakaa kwao, nyumba ya mama mkwe, mpaka yetu iezekwe. Ningekwenda kwa nani tena? Mkataba wa miaka miwili nikautia sahihi bila kuusoma. Nani anasoma mkataba alioletewa na shemeji yake wakati wanakula ubwabwa sinia moja?

Mwezi uliopita sauti ikawa inakatikakatika, nikapiga simu kwenye kampuni. Unajua tulivyolelewa, humwombi mtu kitu kabla hujamsalimu ukamweleza ulikotoka. Binti aliyepokea aliuliza tatizo tu. Mimi nikamsalimu, nikamuuliza habari za kazi, nikamweleza tangu baba alipofariki, kaseti, mpaka seva. Alisikiliza kwa adabu, hata pole ya msiba akanipa. Kisha akasema, "Kaka, mkataba wa nyumbani hauruhusu seva. Wewe unaruhusiwa kufuata vitu nje. Watu wa nje hawaruhusiwi kufuata vitu kwako." Kufika alasiri walishafunga. Ningesema "sauti inakatika" nikanyamaza, mama angekuwa anacheka mpaka leo. Na mimi ndiye fundi kompyuta ninayetegemewa na nusu ya ofisi za mjini.

Nikaanza kutafuta kampuni nyingine, na safari hii nikasoma mikataba yote hadi maandishi ya sisimizi. Wale wa laini za simu wanawarundika wateja wengi kwenye anwani moja ya mtandaoni, kwa hiyo mtu wa nje hakupati hata angekuwa na ruhusa. Wale wa waya wameishia mjini, Mitwero hawajafika. Ikabaki kampuni moja ndogo yenye mnara wake mjini. Mkataba wao una mstari mzima unaosema mteja anaweza kuendesha seva yake binafsi nyumbani, na anapewa anwani yake isiyobadilika. Nilirudia kuusoma mara tatu.

Wakaja kupima. Antena lazima iuone mnara. Uani minazi ya jirani inaziba, na mbele kuna ghorofa linajengwa. Panapofaa ni mahali pamoja tu, kileleni mwa paa, na chini yake hasa ndipo kilipo kitanda cha mama mkwe.

Cheka, dada. Mimi sicheki. Mkwe gani anapanda juu ya kichwa cha mama mkwe wake? Nikikutana naye mlangoni napisha nikiangalia chini. Akitaka kunituma anamwambia Zainabu, hata kama nimesimama hapohapo. Leo nikanyage bati juu ya kitanda chake? Nikimtuma fundi ni yaleyale, miguu yake ni yangu. Kumwomba ndiyo siwezi kabisa, ombi lenyewe ni utovu wa adabu. Halafu kuna Athumani. Mtaa mzima ameuungia intaneti kwa jina langu, "Shemeji yangu fundi kompyuta, naye anatumia hii hii." Antena ya wengine ikisimama juu ya nyumba ya mama yake, nani apite asiione? Nilimgusia kidogo, akanipigapiga begani, "Vumilia, shem, nitaongea nao." Anaongea nao tangu mwezi uliopita.

Nilifikiria kukutumia sauti kwenye kadi ya simu. Nikamkumbuka mama na sharti lake, nikaacha, maana kadi ikishafika mkononi mwa vijana wa huko, kesho mipaka ya shamba inasikika harusini. Basi nimebanwa, dada. Huku ahadi ya mama, huku ukwe. Na walionibana wote ni watu wema, hata wa kumkasirikia sina. Ijumaa nne zimepita sijafungua kaseti hata moja, nitasikilizaje peke yangu?

Kumbe ukimya wangu ulisikika. Ijumaa iliyopita mama mkwe alimuuliza Zainabu, "Yule mzee wa Ijumaa, mbona siku hizi kimya? Ameudhiwa na nani?" Miezi yote ile alikuwa anamsikiliza baba kupitia ukutani, nami sijui. Zainabu, bila kuniuliza, akamsimulia yote, kampuni, mnara, paa. Aliponiambia niliona haya hadi nikatoka kwenda msikitini saa nzima kabla ya adhana.

Jana asubuhi mama mkwe alifunga kifurushi chake. Akamwambia Zainabu, kwa sauti ya kunifikia mimi niliyekuwa kibarazani, "Nakwenda Mingoyo kwa mdogo wangu, nalala siku tatu. Chumba changu hakina mtu, na kitanda nimekiegemeza ukutani. Athumani nakwenda naye, kuna mlango anatutengenezea." Alipofika kwenye ngazi za kibaraza akasimama, akaangalia barabarani, akasema, "Mzee wa watu hanyamazishwi." Akaenda zake.

Mafundi wanakuja kesho saa tatu, mke wa mwalimu atakuwa ameshaondoka na barua hii. Ngazi nimeazima, imeegemea ukuta. Athumani akirudi nitamfuata stendi nimwambie mwenyewe kabla hajaiona. Atanuna. Pengine atanuna mpaka Idi, na sinia la ubwabwa nitalila peke yangu. Naogopa, dada, sikufichi.

Msalimie shemeji, mumeo, na mama mdogo anayelala na mama. Baba mkubwa aliyetufundisha kukwea minazi mwambie shikamoo, na elimu yake huenda ikanifaa. Watoto wako uwape mkono. Machungwa kama yapo, mke wa mwalimu amekuja na kikapu kitupu.

Ijumaa baada ya alasiri mpe mama simu, usimwambie kitu. Akicheka, ujue nilipanda. Ikiwa kimya, usiusingizie tena mtandao. Mwambie, "Baba yupo, ila mwanao Salumu ameogopa watu."

Ni mimi mdogo wako, ninayekusikiliza kutoka Mitwero,
Salumu