Upepo wa Kupepetea Mpunga

Tabora, Jumapili jioni, mwezi wa saba. Kibaridi kimeanza, na mtaani kwetu vumbi la bodaboda limetulia. Nimerudi kutoka Usoke muda si mrefu. Chumba nilichokipaka rangi wiki iliyopita bado kinanukia, na godoro jipya limo kwenye nailoni yake.

Mama hajaja.

Nianzie Alhamisi. Ninafundisha Kiingereza kidato cha pili, na katika habari tuliyoisoma kulikuwa na neno *breeze*. Nikasema ni upepo mwanana, nikataka kuendelea. Pili, binti wa wakulima anayekaa dawati la mbele, akanyoosha mkono: "Madam, *breeze* inatosha kupepetea mpunga?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia nitamletea jibu Jumatatu, maana mwalimu wa lugha akibanwa lazima ajipe muda.

Jioni nikafungua kamusi. Kumbe neno lenyewe si mwenyeji huko Uingereza. Inadhaniwa mabaharia walilichukua kwa Wahispania na Wareno, na enzi hizo lilikuwa jina la upepo mmoja tu, ule unaotoka kaskazini-mashariki. Ulikuwa upepo wenye kwao. Baada ya kuhamia ugenini neno likapoteza upande wake, likapoteza na nguvu, likabaki kuwa kaupepo kokote kanakopapasa uso. Siku hizi hata kazi isiyo na taabu wanaiita *breeze*. Sikushangaa sana. Sisi tumezaliwa kwenye njia ya misafara, tunajua maneno hutembea kwa miguu mpaka kwao kusahaulike.

Nililala nikidhani kumhamisha mama nako kutakuwa *breeze*.

Mwezi wa tatu mama alipata kiharusi kidogo. Mkono wa kushoto ulilegea na mdomo ukaenda upande. Mkono umerudi, mdomo umerudi kiasi, lakini usingizi wangu haujarudi. Anaishi peke yake, na simu yake ikiita mara mbili bila kupokewa mimi nimeshavaa viatu. Nimembembeleza ahamie kwangu mpaka akakubali. Alisema, "Nitakuja mwanangu. Tumalize kwanza kupepeta mpunga."

Nikaona ni kazi ya siku moja. Jumamosi asubuhi nikapanda basi la Urambo, nikashuka Usoke na begi tupu la kubebea nguo zake.

Mpunga ulikuwa umeshapurwa, umerundikwa juu ya turubai. Mama Shija, jirani yetu, alikuwa amekuja na beseni lake kusaidia. Kilichokosekana ni upepo. Hata jani la muhogo halikutikisika.

Kwetu upepo ukichelewa, huitwa. Mpepetaji anapiga mluzi mrefu, mwembamba, ananyamaza kidogo, kisha anapiga tena. Siku nyingine mwanamke akipiga mluzi ataambiwa hana adabu, ila kwenye kupepeta hakuna wa kumkataza. Na katika kazi hiyo mama yangu alikuwa na jina. Majirani walikuwa wanakuja kumwazima kama watu wanavyoazima kinu. Usiniulize kama nasadiki. Nimekua nikiyaona makapi yakiruka, basi.

Mama alikaa kwenye kigoda, ungo mapajani, uso ameuelekeza mashariki unakotokea upepo wa majira haya. Nikangoja mluzi. Kimya.

"Uite basi, mama Kabula," Mama Shija akasema. Kabula ni mimi.

"Kwa mdomo huu?" Mama akajibu, akagusa shavu lake.

Machozi yalinilenga. Nikajaribu mimi, ikatoka hewa tupu. Mama akacheka sana. "Huo ni wa kupoza chai," akasema. Mchana wote tukakaa hivyo, jioni tukafunika mpunga, tukala ugali na mlenda.

Leo asubuhi nilikuwa ndani nakunja khanga zake niliposikia mluzi uwanjani. Mrefu, mwembamba, bila mkwaruzo. Ningeujua popote. Nikachungulia mlangoni. Mama alikuwa anamwita Popi, mbwa wake, aliyekuwa ameshafika barabarani. Popi akaja mbio.

Mama akageuka, akaniona. Akainamisha macho kama mwanafunzi niliyemfumania akila karanga darasani.

Nikarudi ndani nikakaa kitandani kwake, khanga mkononi. Mdomo wake ulikuwa mzima. Mpunga ukishapepetwa, anahama. Rundo likiwepo, yupo kwake. Mwanamke aliyeuita upepo maisha yake yote alikuwa amenyamaza tangu jana ili usimsikie. Nilimpenda mpaka kifua kikauma. Nikafikiria ua wangu hapa mjini, wenye ukuta pande zote, upepo unaingia kwa geti na kuzunguka bila mwelekeo. Nikamwona akiwa ndani ya ua huo na kigoda chake, akiniuliza mashariki ni wapi.

Saa nne upepo ukaja wenyewe. Ulitoka mashariki, ukainua pindo la turubai na kulishikilia. Mama Shija akasimama na beseni lake. "Haya, huo umefika."

Mama hakuutazama upepo. Alinitazama mimi.

Nikachota mpunga kwa viganja, nikauachia kutoka juu. Makapi yakaenda zake magharibi, punje zikaanguka miguuni pangu, safi kabisa. Mwaka mzima hupati upepo mzuri kuliko ule.

"Bado mdogo," nikasema. "Huu hautoshi."

Mama Shija alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu wa mjini asiyejua kitu. Mama akaweka ungo chini taratibu.

"Mwalimu ameshasema," akasema. Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai kabla ya basi.

Hofu yangu haijaisha, nisijidanganye. Nimekubaliana na Mama Shija kwamba binti yake mkubwa atakuwa analala pale, na mimi nitakwenda kila Jumamosi. Begi nimeliacha kule, chini ya kitanda chake, tupu. Huenda siku moja mama atapiga mluzi mwenyewe, nami nitajua maana yake.

Kesho Pili atanidai jibu lake. Kamusi inaniruhusu kusema mengi, lakini nimeshaamua.

Haitoshi, Pili. Kwa mpunga wa mama yangu, haitoshi.